Siku mbili juu ya farasi kumfuata trauti

Barabara inaishia Holland Lake. Kutoka hapo kwenda mashariki, ng'ambo ya milima ya Swan katika jimbo la Montana, kaskazini-magharibi mwa Marekani, gari halipiti, pikipiki haipiti, na hata baiskeli imepigwa marufuku. Anayetaka kuvua trauti katika Mto South Fork Flathead atatumia miguu yake mwenyewe au ya mnyama. Wanaolipia safari ya kuongozwa, wengi wao huchagua mnyama. Ndiyo maana asubuhi za Julai uwanja ulio mwishoni mwa barabara hujaa farasi waliotandikwa, baghala wanaongoja mizigo, na wanaume kwa wanawake wenye kofia pana wanaoning'iniza kila furushi kwenye mizani kabla halijapandishwa mgongoni.

Baghala ni mnyama anayezaliwa na punda dume na farasi jike. Wapo wanaomwita nyumbu, ila huyu si yule wa Serengeti. Ana nguvu za mama na uangalifu wa baba: haweki kwato mahali asipopaamini, na kwenye njia ya upana wa nusu mita iliyochongwa ubavuni mwa mlima, uangalifu huo ndio bima ya mgeni na chakula chake.

Tandiko la mizigo linalotumika huku, aina ya Decker, lina pete mbili za chuma juu, na kila upande huning'inizwa furushi moja. Mnyama mmoja hubeba kilo 70 hivi, nusu kulia, nusu kushoto. Upande mmoja ukizidi hata kwa kilo mbili tu, tandiko litavutwa upande huo kila hatua, na baada ya saa sita za kupanda na kushuka baghala atakuwa amechubuka mgongo na kazi yake ya wiki nzima imekwisha. Kwa hiyo hema, sufuria, unga, mashua ya mpira iliyokunjwa, shoka na mabegi ya wageni huvingirishwa ndani ya turubai, hufungwa kamba, hupimwa na kuoanishwa. Aliyewaona punda wa Lamu wakipita vichochoroni na shogi zao zilizosawazishwa mchanga pande zote mbili ataielewa kazi hii bila kufundishwa.

Wakishapakiwa, baghala hufungwa katika msururu mmoja nyuma ya mwingine, saba, nane au tisa. Mahali ambapo kamba ya anayefuata inaungana na tandiko la aliyetangulia huwekwa kitanzi chembamba, dhaifu kwa makusudi. Mmoja akiteleza ukingoni, kitanzi hukatika na wenzake hubaki njiani. Mambo ya namna hii hayakubuniwa mezani. Yalitokana na miaka mingi ya wanyama walioanguka. Arnold Elser, aliyejulikana zaidi kwa jina la Smoke, aliongoza misafara katika pori hili kwa miongo kadhaa na kufundisha ufungaji mizigo mjini Missoula. Kitabu alichokiandika pamoja na Bill Brown na kutolewa mwaka 1980 bado kinasomwa na wanaoanza kazi. Na Idara ya Misitu ya Marekani yenyewe ina kituo cha Ninemile, magharibi ya Missoula, kilichofunguliwa mwaka 1930 ili kutoa baghala na farasi kwa ajili ya wazima moto wa milimani. Baghala wa serikali wapo kazini hadi leo, wakibeba misumari, saruji na chakula cha askari wa misitu hadi vituo ambavyo havijawahi kuona gurudumu.

Haya yote yangekuwa maonyesho ya watalii kama si sheria. Tarehe 3 Septemba 1964 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Mapori, iliyoamua kwamba baadhi ya ardhi ya umma ibaki bila barabara, bila injini, bila makazi ya kudumu, na binadamu aingie humo kama mpitaji. Pori la Bob Marshall, ndilo hili la ng'ambo ya milima ya Swan, lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kupata ulinzi huo. Likiunganishwa na majirani zake wawili, Scapegoat lililoongezwa mwaka 1972 na Great Bear mwaka 1978, eneo zima lina zaidi ya ekari milioni 1.5, yaani kilomita za mraba 6,000 na ushei. Hifadhi ya Aberdare nchini Kenya ingeingia humo karibu mara nane.

Marufuku ya injini inachukuliwa kwa uzito wake wote. Mti ukianguka njiani, hata mfanyakazi wa serikali kwa kawaida haleti msumeno wa petroli. Huleta ule mrefu wa kuvutwa na watu wawili, ambao wapasua mbao wetu wa zamani wanaujua vizuri. Kundi moja la wageni halizidi watu 15 na wanyama 35. Chakula cha mifugo kinachoingizwa lazima kiwe na cheti kwamba hakina mbegu za magugu, kwa sababu mbegu huota kutoka kwenye kinyesi cha farasi na kulivamia bonde. Usiku farasi hawafungwi kwenye shina la mti. Kamba hutandazwa juu kati ya miti miwili, miti yenyewe ikikingwa kwa mikanda mipana isichunwe gome.

Jina la pori ni la mtu. Bob Marshall alizaliwa New York mwaka 1901, mtoto wa wakili tajiri, akasomea misitu na kufanya kazi Missoula katika miaka ya 1920. Alikuwa mtembeaji wa ajabu: kilomita 48 kwa siku milimani hazikumtisha. Mwaka 1935 alishiriki kuanzisha chama cha kutetea mapori, The Wilderness Society, na kukichangia fedha zake. Kinachonivutia zaidi kwake ni kwamba hakutaka mapori yawe bustani ya matajiri. Alipokuwa mkuu wa masuala ya mapumziko katika Idara ya Misitu, alihangaika ili watu wa kipato cha chini wapate njia ya kufika msituni, na alipinga ubaguzi wa rangi katika maeneo ya mapumziko ya idara hiyo wakati ambapo ubaguzi huo ulikuwa desturi ya nchi. Alifariki Novemba 1939 ndani ya treni, akiwa na miaka 38. Mwaka uliofuata serikali ililipa eneo hili jina lake.

Kutoka Holland Lake msafara hupanda hadi kipito cha Gordon, kisha hufuata kijito cha Gordon kushuka bondeni. Hadi kuufikia mto mkuu ni kilomita 40 hivi, na wengi huzigawa katika siku mbili. Siku ya kwanza hukumbukwa kwa magoti. Mgeni asiyezoea tandiko hushuka jioni akitembea kama mzee wa miaka 90, na kiongozi mzuri huligundua hilo mapema: husimamisha msafara kila baada ya muda, huwashusha watu watembee kwenye miteremko mikali, hukagua mikanda ya matandiko na kurefusha vikuku vya miguu. Farasi wa wageni huchaguliwa kwa upole. Wamepita njia hii mara nyingi mno, na humfuata aliye mbele bila kuhitaji kuvutwa hatamu.

Jioni kambini kazi ya kwanza ni wanyama: kushushwa mizigo, kukaguliwa migongo na kwato, kunyweshwa maji, kisha kuachiwa walishe wakiwa wamefungwa pingu za ngozi miguu ya mbele, na jike mmoja kiongozi akivalishwa kengele. Kengele ikisikika alfajiri, mtu anajua aelekee wapi. Kazi ya pili ni dubu. Ukanda huu wa milima una dubu aina ya grizli takriban 1,000, wengi kuliko mahali pengine popote Marekani nje ya Alaska, na sheria inataka kila kitu chenye harufu ya chakula, pamoja na dawa ya meno, kining'inizwe angalau mita tatu juu ya ardhi na mbali na shina la mti, au kifungiwe ndani ya sanduku la chuma. Dubu aliyeonja chakula cha mtalii mara moja hurudi, na mara nyingi mwisho wake ni risasi. Mpishi anayepandisha mifuko juu usiku analinda wageni, na analinda dubu pia.

Mto wenyewe huanza pale vijito vya Danaher na Youngs vinapokutana, kisha huelekea kaskazini ukiwa na maji maangavu hivi kwamba changarawe za rangi nyekundu, kijani na zambarau huonekana kwenye kina cha mita tatu au nne. Mvuvi mgeni hudanganywa na uangavu huo. Anaingiza mguu akidhani maji yanafika gotini, kumbe yanafika kiunoni, na ni maji ya theluji iliyoyeyuka.

Samaki mwenye mto huu ni trauti mkatwakoo wa magharibi, anayeitwa hivyo kwa mistari miwili myekundu iliyo chini ya taya zake. Wanasayansi wamempa jina la Oncorhynchus clarkii lewisi kwa heshima ya Lewis na Clark, wasafiri walioandika habari za trauti wa aina hii mwaka 1805 karibu na maporomoko ya Mto Missouri. Ni samaki wa maji baridi, hutaga mayai majira ya kuchipua theluji inapoyeyuka, na hula wadudu. Milimani majira ya kula ni mafupi, kwa hiyo hana anasa ya kuchagua. Nzi bandia wa manyoya na uzi akipita juu yake, huinuka na kumvamia. Mwezi wa nane panzi wanaporushwa majini na upepo wa alasiri, hata mvuvi aliyejifunza kurusha mshipi juzi hupata samaki.

Wavuvi wa nzi bandia wana namna yao ya kufanya kazi. Chambo chao hakina uzito. Uzito uko kwenye mshipi, mnene na wa rangi, na ufito mrefu hutumika kuurusha nyuma na mbele hadi unyooke. Shabaha ni kumtua nzi juu ya maji na kumwacha aelee kwa mwendo uleule wa mkondo, asiburutwe. Akiburutwa hata kidogo, samaki mkubwa hutambua. Kiongozi husimama kando ya mgeni, humwonyesha pale maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia nyuma ya jabali, kwa sababu trauti hujibanza kwenye utulivu na kusubiri kasi imletee chakula. Samaki akinaswa, mikono hulowanishwa kwanza kabla ya kumgusa ili utelezi unaokinga ngozi yake usitoke, ndoana huwa imefinywa mapema ile ncha ya kunasia iwe laini, na samaki huachiwa akiwa angali majini. Karibu wote hurudishwa.

Urahisi huo wa kumnasa mkatwakoo ndio moyo wa habari hii. Samaki mwepesi kiasi hicho, akiishi kando ya barabara kuu, huisha. Montana ina mito mingi mizuri inayofikika kwa gari, na baada ya hadithi ya Norman Maclean ya mwaka 1976 juu ya familia ya wavuvi wa Mto Blackfoot kugeuzwa filamu na Robert Redford mwaka 1992, umati wa wavuvi kwenye mito hiyo uliongezeka sana. Katika South Fork umati haukufika. Kipito cha Gordon, kilomita 40 na maumivu ya magoti viliuzuia. Mimi naamini farasi katika safari hizi ni sehemu ya uhifadhi wenyewe: mwendo wake wa polepole ndio unaopanga ni watu wangapi watafika mtoni kwa msimu, wakiwa na mizigo kiasi gani, na watakaa siku ngapi.

Msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuijua sehemu inayofuata vizuri, kwa sababu kwetu hadithi ya trauti imepinduliwa. Mito ya Aberdare na Mlima Kenya haikuwa na trauti hata mmoja hadi mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan alipoleta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na kuwapandikiza katika Mto Gura. Trauti wa upinde wa mvua akafuata, akaenea, na hadi leo kituo cha serikali kule Kiganjo, chini ya Mlima Kenya, huzalisha vifaranga vyake. Walowezi waliwapeleka pia kwenye mito ya Kilimanjaro. Kwetu, kwa hiyo, trauti ni samaki wa kuletwa, na wa upinde wa mvua ndiye anayefahamika zaidi, hasa hotelini.

Huko Montana, yule yule wa upinde wa mvua ni tatizo. Asili yake ni mito inayomwaga Pasifiki, na katika sehemu kubwa ya Montana aliletwa na watu. Yeye na mkatwakoo ni ndugu wa karibu kiasi cha kuzaana, na watoto wao huzaana tena, hadi baada ya vizazi kadhaa mto unakuwa umejaa samaki wasio huyu wala yule. Mkatwakoo halisi amebaki katika sehemu ndogo tu ya maeneo aliyokuwa akiishi zamani. Tuliona kwa Ziwa Victoria kinachotokea mgeni mmoja anapopewa maji yasiyo yake: sangara alipandikizwa miaka ya 1950, na mamia ya aina za furu yakatoweka. Tofauti ni kwamba sangara aliwameza wenyeji, na trauti wa upinde wa mvua huwaoa.

Wala farasi hana mikono safi katika jambo hili. Maziwa madogo ya juu ya milima, ambayo mengi hayakuwa na samaki, yalipandikizwa trauti wa kigeni katika karne ya 20, na njia iliyotumika zamani ilikuwa kuwapakia vifaranga kwenye madumu ya maziwa juu ya migongo ya farasi na baghala. Nia ilikuwa kuwapa wavuvi kitu cha kuvua. Miaka ikapita, samaki wa kigeni na machotara wakaanza kuteremka kutoka maziwani kuingia South Fork.

Dawa iliyochaguliwa itawashangaza waliokulia karibu na mito yetu. Bibi na babu zetu walijua majani ya utupa: yakitwangwa na kutupwa kwenye kidimbwi, samaki huelea juu. Sumu iliyo ndani ya utupa ni ya jamii ya rotenoni, ambayo huzuia chembe za mwili wa samaki kutumia oksijeni. Kwetu uvuvi wa namna hiyo umepigwa marufuku, na ni haki, kwa sababu huua kila samaki bila kuchagua. Idara ya wanyama, samaki na mbuga ya Montana ilitumia rotenoni hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo: haichagui. Kati ya mwaka 2007 na 2017, katika mpango uliogharamiwa na shirika la umeme wa mabwawa la Bonneville, maziwa 21 ya bonde la South Fork yalisafishwa samaki wote, sumu ikaachwa ioze kwa jua na muda, kisha maji yakapandikizwa mkatwakoo halisi. Wapo waliopinga kumwaga sumu ndani ya pori la asili, na hoja yao ilikuwa nzito. Mimi nadhani matokeo yameipa kazi hiyo uhalali: bonde zima, kuanzia chemchemi zake hadi bwawa la Hungry Horse, ni ngome ya mkatwakoo isiyo na mfano.

Bwawa lenyewe lina kisa chake. Hungry Horse lilijengwa kati ya mwaka 1948 na 1953 chini kabisa ya South Fork. Jina lake, farasi mwenye njaa, linatokana na farasi wawili wa mizigo, Tex na Jerry, waliopotea katika theluji ya kipupwe cha 1900 na 1901 wakapatikana wiki kadhaa baadaye wamebaki mifupa, wakauguzwa hadi wakapona. Ukuta huo wa saruji ulikata njia ya samaki waliokuwa wakihama kutoka Ziwa Flathead, na hilo lilikuwa pigo. Lakini katika ziwa hilo, miaka iliyofuata, trauti wa ziwani, mgeni mwingine, aliongezeka kupita kiasi na kuwapunguza sana wenyeji. Hakuweza kuuvuka ukuta. Walioko juu ya bwawa wakasalimika.

Aliyefaidika zaidi ni trauti fahali, samaki mkubwa wa kijivu na madoa hafifu, mla samaki wenzake, ambaye hupita sentimita 60 na wakati mwingine humnyakua mkatwakoo aliye tayari kwenye ndoana ya mgeni. Yeye anataka maji baridi kuliko trauti wengine wote wa huko, na hutaga majira ya majani kupukutika kwenye changarawe zinazopitiwa na maji ya chini ya ardhi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 yumo kwenye orodha ya serikali ya viumbe walio hatarini. South Fork ni mojawapo ya mahali pachache mno ambapo sheria bado inaruhusu kumvua kwa makusudi, kwa kipindi maalumu, kwa kadi maalumu, na kwa sharti kwamba arudishwe majini papo hapo.

Kuna watu waliomjua trauti fahali kabla ya Lewis na Clark. Wasalish, Wapend d'Oreille na Wakootenai walivuka vipito hivi kuwinda na kuvua vizazi kwa vizazi, kwanza kwa miguu, na tangu karne ya 18 kwa farasi, mnyama aliyekuwa ametoweka Amerika kwa maelfu ya miaka hadi Wahispania walipomrudisha. Mkataba wa Hellgate wa mwaka 1855 uliwatengea eneo magharibi mwa milima na kuwaachia haki ya kuendelea kuwinda na kuvua nje yake. Mnamo Oktoba 1908, katika bonde la Swan, upande uleule ambako misafara ya leo hupakia mizigo, askari wa wanyamapori wa jimbo na mwenzake waliivamia kambi ya familia ya Wapend d'Oreille waliokuwa wakiwinda. Wanne kati yao waliuawa, na askari huyo pia akauawa. Sisi tunaotoka katika nchi ambazo Wamaasai na wengineo wameambiwa wahame ili nyika ibaki tupu kwa ajili ya wageni hatuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Pori lisilo na watu, mara nyingi, ni pori lililoondolewa watu, na mgeni anayevuka kipito cha Gordon akiwa na kofia mpya anastahili kuambiwa hivyo na kiongozi wake kabla ya kuonyeshwa samaki.

Makabila hayo hayakungoja kuombwa radhi. Mwaka 1982 yalitenga pori lao wenyewe katika milima ya Mission, la kwanza nchini Marekani kutengwa na kabila kwa sheria yake. Wataalamu wao wa samaki ndio wanaoongoza kazi ya kuwatega kwa nyavu trauti wa ziwani katika Ziwa Flathead ili kumpa trauti fahali nafasi ya kupumua.

Sasa bei. Safari ya kuongozwa ya wiki moja, pamoja na kuteremka mto kwa mashua ya mpira, hugharimu maelfu ya dola kwa mtu mmoja. Ukijua yanayolipiwa, hushangai. Mwenye kampuni ya safari lazima awe na leseni ya jimbo na kibali cha Idara ya Misitu chenye idadi ya siku za wageni asiyoruhusiwa kuzidisha. Msimu wake ni miezi mitatu hivi, na farasi wake hula miezi kumi na miwili. Kwato hupigwa viatu, matandiko huraruka, na kila ufito, sahani na jembe huingia na kutoka juu ya mgongo wa mnyama.

Mtu wa Moshi au Arusha atauliza: kwa nini kwetu mizigo ya mlimani hubebwa na binadamu? Jibu la kale ni ndorobo. Ugonjwa wa nagana na maradhi mengine ya farasi vilifanya misafara ya Afrika Mashariki itegemee mabega ya wapagazi karne nzima, na wagumu wa Kilimanjaro ni warithi wa historia hiyo, ingawa juu ya mlima hakuna ndorobo. Wao pia mizigo yao hupimwa getini, na kikomo ni kilo 20. Ningependa siku moja waongoza msafara wa Montana na wagumu wa Machame wakae meza moja wazungumze habari za mizani, migongo na wageni wanaobeba vitu visivyohitajika. Wangeelewana upesi kuliko wakubwa wao.

Farasi anaumiza pia, na wanaotembea kwa miguu wana haki ya kulalamika. Njia zinapanuka na kugeuka tope, majani ya kandokando ya kambi huliwa hadi udongo, na vinyesi hubaki. Kanuni za magugu na za kamba kati ya miti zilitokana na makosa ya zamani, ambapo kambi za wawindaji zilikuwa na zizi, mbao na takataka za miongo. Hata hivyo kila mara Bunge la Marekani linapoletewa pendekezo la kuruhusu baiskeli katika mapori haya, mimi nasimama upande wa kwato. Baiskeli ingefanya kilomita 40 kuwa kazi ya siku moja, na mkatwakoo hana kinga dhidi ya watu wa siku moja.

Kinachoogopwa zaidi na viongozi wa safari hakiwezi kuzuiwa na kipito. Ni joto. Kwingineko Montana, mito ya chini ikifikia nyuzi joto 23 kwa siku tatu mfululizo, uvuvi hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi usiku wa manane, kwa sababu trauti aliyechoka katika maji ya moto hafufuki. South Fork, kwa kuwa juu na kulishwa na theluji, imenusurika zaidi ya mito mingi. Theluji ikipungua, na moto wa misitu ukiendelea kuteketeza vivuli vya vijito vidogo, ubaridi huo utakuwa na thamani kuliko samaki wenyewe.

Jambo moja mapori haya yamelitunza kutoka kwa Bob Marshall ni kwamba hakuna kiingilio. Anayetembea kwa miguu, au mwenye farasi wake, haombi kibali wala halipi ada ya kuingia. Anahitaji tu leseni ya kuvua. Naliandika hili kwa sababu tangu mwaka 2016 mji wa Missoula umepokea familia za wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, na baadhi yao walizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika wanajua samaki kuliko mtalii yeyote. Aliyekaa Montana siku 180 mfululizo huhesabiwa mkazi na hununua leseni kwa bei ndogo sana kuliko ya mgeni. Kutoka Missoula hadi Holland Lake ni mwendo wa gari usiofika saa mbili. Njia ya kipito cha Gordon huanzia hapo kando ya ziwa, na anayekwenda kwa miguu apishe msururu wa baghala kwa kusimama upande wa chini wa njia, azungumze kwa sauti ya kawaida ili wanyama wajue kuwa ni mtu.